Muhuri Kando ya Tikitimaji

Nyumbani kwa Tak Man-bok hakukuwa na kitabu hata kimoja. Kulikuwa na mitungi. Mitungi ya uduvi wa chumvi, mitungi ya samaki wa chumvi, mitungi mitupu inayongoja kujazwa, na harufu ya vyote hivyo ilikuwa imeingia mpaka kwenye karatasi za madirisha. Gati yote ya Ganggyeong ilimjua Man-bok, na mto Geum ulikuwa umemneemesha, lakini ukimpa karatasi yenye maandishi aliishika juu chini, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Basi mtu huyo ndiye aliyerudi kutoka sokoni siku moja, kifua mbele, akamwambia mkewe kwamba ameagiza kiwambo cha vitabu, kile cha kukunjwa, kilichochorwa vitabu tele.

"Cha nini?" akauliza Seopseop.

"Cha mtoto. Kinakaa nyuma yake akisoma. Mabwana wote wanacho. Mtoto akiamka anaona vitabu, akilala anaona vitabu, mwisho vinamwingia kichwani."

"Wewe miaka yote hii unaamka na uduvi, unalala na uduvi. Umeingiwa na nini?"

"Pesa," alisema Man-bok, wakacheka wote wawili.

Siku hizo walikuwa bado wanacheka. Walikuwa na mtoto wao mmoja, Gaettong, aliyebaki baada ya wenzake waliomtangulia kuzikwa. Gaettong maana yake ni mavi ya mbwa, na mtaani hakuna aliyelishangaa jina hilo. Nyumba iliyokwisha kuzika haiwapi watoto wanaobaki majina ya kupendeza. Shari inapopita mlangoni ikasikia mavi ya mbwa anaitwa aje kula, huziba pua na kwenda zake. Seopseop mwenyewe alipewa jina lenye maana ya masikitiko, kwa sababu baba yake alikuwa amengojea mvulana, na kwa hiyo hakuwa mtu wa kubabaishwa na majina. Jina la kweli la mtoto lilikuwepo, lenye herufi mbili nzuri, lililotungwa na mwalimu wa mtaa kwa mtungi mmoja wa uduvi. Mume na mke walilijua, wakalifungia vifuani mwao wakingoja mtoto akue afunge nywele za utu uzima. Mimi pia silitaji hapa. Mama yake asingependa.

Mchoraji alikuja na kibuyu cha pombe ya mchele kwapani. Aliitwa Mzee Paeng, mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi na maneno mengi, na kila mji alioupita aliacha kiwambo na deni la pombe. Walimpa chumba cha wageni kinachotazama uani. Akatandaza karatasi zake, akachemsha gundi ya ngozi, akaanza kurundika vitabu. Vitabu ndani ya majalada ya kitambaa, vitabu juu ya vitabu, vipande vinane vya kiwambo vimejaa, na katikati yao miwani, brashi ndani ya kikombe, unyoya wa tausi kwa ajili ya cheo, makomamanga kwa ajili ya kuzaa, na tikitimaji lililokatwa likaachwa na kisu ubavuni, mbegu zote nje, kwa ajili ya kuzaa zaidi.

Seopseop alimpelekea chakula, akasimama mlangoni kutazama.

"Mzee Paeng, vitabu vyako vinaanguka."

"Haviwezi kuanguka, mama. Nimeshavichora."

"Na hiki cha nyuma, mbona kikubwa kuliko cha mbele?"

"Kina elimu zaidi."

"Hebu kula, kabla elimu haijakuua na njaa."

Gaettong alikuwa hatoki chumbani humo. Aliishikilia mikono ya Mzee Paeng, akachovya vidole kwenye rangi, akauliza kila kitabu kina nini ndani. Mzee alimwambia vimefungwa. "Vifungue basi," akasema mtoto. Mzee akamjibu kwamba kazi ya kuvifungua ni yake yeye atakapokua, na mtoto akakubali kwa uso wa mtu aliyekabidhiwa ghala.

Kipande cha mwisho kilibaki na nafasi ndogo kando ya tikitimaji. Hapo Mzee Paeng alichora muhuri wa jiwe, umelala ubavu, uso wake wenye maandishi umegeukia watu. Akamwita Seopseop.

"Mahali hapa kwa kawaida najificha mimi. Naandika jina langu, nakaa kama mwizi katikati ya mali ya wakubwa. Lakini mumeo kaniambia niweke la mtoto, ionekane vitu vyote hivi ni vyake. Haya, anaitwaje?"

"Msubiri baba yake arudi." Man-bok alikuwa ameshuka na mashua kwenda kununua chumvi.

"Nangojwa kwenye harusi Nonsan, mama. Nikiondoka bila kuandika, kijana wako atakuwa na mali isiyo na mwenyewe."

Seopseop aliutazama uwanja. Bata, mitungi, kamba ya nguo. Akafunga mlango, akainama, akamnong'oneza yule mzee jina la mwanawe, na maana ya kila herufi, kama mwalimu alivyowafundisha. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitoa kinywani. Mzee Paeng akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyekundu, akaliandika juu ya uso wa jiwe, dogo, safi. Angeishia hapo yangekuwa mengine. Lakini kibuyu kilikuwa karibu kwisha, na mtoto akaingia na kuuliza, "Hapo umeandika nini?" na mzee akalisoma kwa sauti ya karani wa mfalme.

"Nani huyo?" akauliza Gaettong.

"Wewe."

"Mimi Gaettong."

"Hilo la kuitiwa chakula. Hili la kuitiwa cheo."

Mtoto alilijaribu mdomoni mara moja, likampendeza. Akatoka mbio uani akiliimba, akawaambia bata, akauambia mtungi mmoja baada ya mwingine akiutia kichwa ndani ili limrudie kwa mwangwi. Seopseop alimkimbilia, akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto alicheka ndani ya kiganja chake, na joto la kicheko hicho lilimkaa mkononi muda mrefu.

Kabla mwezi mwingine haujaandama, Mgeni akaja.

Ndui kule haitajwi kwa jina. Huitwa Mgeni, tena mheshimiwa, na ikiingia katika nyumba hupokewa. Hakuna kupigilia misumari, hakuna kushona, hakuna kupandisha sauti. Maji safi huwekwa uani kwenye bakuli jipya, na mtoto mwenye malengelenge husemeshwa kwa adabu, kwa kuwa aliyelala pale si mtoto peke yake. Seopseop alipiga magoti kando ya godoro la mwanawe, akagusa sakafu kwa paji la uso.

"Mheshimiwa, umetoka mbali. Nyumba yetu ni maskini, inanuka uduvi. Pumzika kidogo, kisha uende kwa amani."

"Mama," alisema Gaettong kwa sauti iliyokauka, "mbona unaniamkia kama mimi babu?"

Kiwambo kilikuwa kimesimama nyuma ya kichwa chake, kipya, rangi zinang'aa, na kando ya tikitimaji jiwe lenye jina jekundu limemtumbulia macho. Seopseop alilitazama siku hiyo na siku iliyofuata. Mgeni alikuwa amelala katika chumba ambamo jina la mtoto limeandikwa kiwamboni kwa wekundu wa sherehe. Alikuwa anasoma nini muda wote huo? Hofu ikampanda mpaka ikashinda akili. Akakishika kiwambo kwa mikono miwili, akakigeuza, vitabu vikatazama ukuta, na chumbani ikabaki karatasi nyeupe ya mgongoni, tupu.

Man-bok aliingia na bakuli la uji, akaliachia likamwagika.

"Umefanya nini? Mwanamke, umefanya nini?"

"Nalificha jina."

"Kiwambo hugeuzwa mbele ya maiti!"

Seopseop alikuwa amesahau. Mtu mzima, aliyegeuza kiwambo kwa mikono hiyo hiyo alipofariki baba yake, akakigeuza tena kwa mama mkwe, amesahau. Nyumba zote za kule hufanya hivyo. Marehemu huwekwa nyuma, na walio hai huonyeshwa upande mweupe. Alirukia kukirudisha, lakini mtoto alikuwa ameshafumbua macho, na kwa kope zake zilizovimba aliuona weupe ule.

"Mama," akauliza, "nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Hakuna mtu. Lala."

Gaettong alikufa kabla Mgeni hajaagwa.

Mtoto akitangulia wazazi wake, kule husemwa amekosa adabu. Hatengenezewi jeneza la maana, havaliwi msiba, hawekewi kibao cha jina cha kuombewa siku za mizimu. Mwanamume wa kukodi huja na jamvi na chanja ya kubebea mgongoni, akamviringisha mtoto jamvini na kwenda naye mlimani, na mama haruhusiwi kufuata. Seopseop alishikwa na majirani pale langoni. Alilia mpaka sauti ikamwisha, na ilipomwisha akawa anafungua kinywa tu. Mlima una miti mingi. Hakuna aliyemwambia ni chini ya upi.

Man-bok alitaka kukichoma kiwambo. Seopseop alisimama mbele yake na kisu cha samaki mkononi, na kwa kuwa hakuwahi kusimama hivyo tangu aolewe, mumewe alitoka nje, akaenda kulia nyuma ya mitungi.

Kwa hiyo kiwambo kilibaki. Chumba kilibaki kimefungwa, giza, vumbi. Na kila jioni, mchele ukiwa umerowekwa na kabla ya kuuosha, Seopseop alifuta mikono kwenye sketi, akaingia humo, akapiga magoti mbele ya kipande cha mwisho, akafumba macho, na kupitisha kidole juu ya uso wa lile jiwe. Mara ya kwanza alitaka kuliadhibu. Kisha akawa analibembeleza. Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba hapa palikuwa mahali pekee chini ya mbingu ambapo mwanawe ameandikwa. Kaburi hana, kibao hana, mlimani hajulikani alipo, ila hapa yupo. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. La Seopseop lilikuwa la kuchorwa, na alilibeba hivyo hivyo, kwa kidole kimoja, mwaka ukaenda na mwingine ukaja.

Man-bok hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mababu, na mababu wanataka wa kuwaandalia chakula. Seopseop hakuzaa tena. Mwishowe Man-bok akaenda kwa mdogo wake, akaletwa mtoto wa pili wa nyumba ile awe wao. Alikuwa mvulana mwenye masikio makubwa aliyeitwa Dolsoe, mwoga, aliyekojoa kitandani usiku wa kwanza na kuamka akaanza kufua shuka mwenyewe kwa maji baridi. Alimwita Seopseop mama mkubwa. Majirani, kwa wema wao, wakaanza kumwita Seopseop Mama Dolsoe, na kila walipomwita hivyo aliitika akiwa amechelewa kidogo.

Siku moja akisafisha mitungi, mumewe alimkalia kando bila kumtazama.

"Nimemwagiza Mzee Paeng."

"Wa nini?"

"Kile chumba tukifungue. Huyu mtoto anaanza masomo majira ya baridi. Kiwambo kipo, hakuna haja ya kununua kingine. Ila lile jina… lifutwe, liandikwe lake."

"Lake lipi? Huyu si Dolsoe?"

"Lake la kweli. La ukoo."

"Hapana."

"Mke wangu."

"Nimesema hapana. Mlichukua mtoto mkaenda kumtupa mlimani kama kaa la moto. Sikuzuia. Mkaniambia nisivae msiba, sikuvaa. Mmeniletea wa watu, namlisha. Mmebakiwa na nini cha kuchukua? Kile kikwaruzo chekundu?"

"Maji yameshamwagika," alisema Man-bok, na sauti yake ikavunjika. "Hayazoleki. Unafikiri mimi sikumbuki? Mimi ndiye niliyeagiza vitabu. Mimi! Lakini Dolsoe hawezi kukaa mbele ya jina la mtoto aliyekufa. Unataka na huyu tumpoteze?"

Seopseop aliendelea kuusugua mtungi uliokwisha kutakata.

Mzee Paeng alifika akiwa amezeeka, kikohozi kimeshuka kifuani, kibuyu hana. Alipoambiwa habari za mtoto aliinamisha kichwa. Man-bok alimwonyesha chumba, kisha akaondoka kwenda gatini. Alisema kuna mashua inamngoja, na labda ilikuwepo. Seopseop aliingia akasimama kati ya mchoraji na kiwambo.

"Kabla hujagusa," alisema, "nisomee. Mara moja. Kisha ufute."

Mzee Paeng alifungua dirisha. Mwanga wa mchana uliingia humo kwa mara ya kwanza tangu siku za Mgeni, ukaangukia vitabu, tausi, makomamanga, yote kama yalivyoachwa. Mzee aliinama kwenye kipande cha mwisho. Akasogea. Akapuliza vumbi. Akachutama, pua karibu iguse karatasi.

"Mama, nani amefuta?"

"Amefuta nini?"

"Hakuna kitu hapa."

Seopseop alichutama naye. Tikitimaji lilikuwepo, na kisu, na mbegu zote. Jiwe lilikuwepo. Lakini uso wa jiwe, pale palipokuwa na wekundu, palikuwa pamechakaa kama kizingiti cha mlango. Karatasi imeota manyoya, nyeupe, na pembeni kabisa kimebaki kijialama cha rangi kisichofika ukubwa wa punje ya mtama.

"Hakuna aliyeingia humu," alisema. "Ni mimi tu. Mimi tu naingia, nikitoka kuroweka mchele, nakigusa kidogo…"

Mzee Paeng aliutazama mkono wake, kidole cha shahada chenye unyevu usiokauka wa mpishi. Hii ni rangi ya gundi, haipatani na maji; angemwambia hivyo siku ile kama angekuwa hana pombe kichwani.

"Nilidhani macho yangu ndiyo yanafifia," alisema Seopseop. "Humu giza. Nilidhani ni macho."

Alikaa sakafuni. Hakulia bado. Mzee Paeng alifungua kijaluba chake, akasaga rangi nyekundu taratibu, na aliposema aliteremsha sauti.

"Mama, sikiliza. Mumeo hasomi. Naweza kuliandika tena, lile lile, na yeye atadhani ni la huyu mpya. Nitaweka na mafuta juu, hata ukiligusa miaka mia halitoki. Niambie tu lilikuwa lipi. Nimeandika majina mengi, nimelisahau."

Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi wa Seopseop, herufi mbili, na kwa miaka yote hiyo hajalitamka. Kulisema mara moja tu, na mwanawe angerudi kukaa kando ya tikitimaji, mwekundu, mpya, daima. Akafungua kinywa.

Uani Dolsoe alikuwa akiwapa bata maji. Alikuwa akizungumza nao kwa sauti ndogo, akiwaomba wasisukumane.

"Huyu," alisema Seopseop polepole, "ndiye atakayekaa hapa kila siku. Mgongo wake hapa, jina pale. Mgeni akirudi kumtafuta mwenye jina, atamkuta nani?"

Mzee Paeng alishusha brashi.

"Basi niandike la huyu?"

"Usiandike la mtu yeyote. Chora vikwaruzo vyekundu, vifanane na maandishi. Baba yao ataridhika. Na ukitoka nje umwite Dolsoe. Aitwe Dolsoe mpaka aote mvi."

Mzee alifanya hivyo. Hakukohoa mpaka alipomaliza.

Jioni Seopseop aliingia jikoni kama kawaida, akamimina maji kwenye bakuli la mchele, akatia mkono kuuosha. Maji yakawa meupe. Aliyatazama weupe wake, na mkono ukasimama. Zamani hayakuwa hivi. Jioni baada ya jioni, alipotoka chumbani kule na kutumbukiza mkono, maji yalikuwa na wekundu kidogo, uzi mwembamba uliojizungusha mara moja ukapotea, na yeye kila mara alidhani ni pilipili iliyobaki kwenye kucha. Kila mara aliyamwaga nje mlangoni. Lile jina lilikwenda herufi kwa herufi, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa nje, akalimwaga kwenye tope la bata, akarudi ndani kupika wali.

Ndipo kilio kilipotoka, kile kile cha langoni, safari hii na sauti. Aliinama juu ya bakuli na mikono yote miwili ndani ya maji.

Dolsoe alikuja mbio, akasimama mlangoni, masikio yamesimama kwa woga. Hakujua la kufanya, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa kupenda kusaidia, alinyoosha mikono kulishika bakuli.

"Mama mkubwa, nikayamwage?"

"Usimwage," alisema Seopseop. "Usimwage, mwanangu. Yaache kwanza."

Mtoto akaketi kando yake, wakayatazama. Yalikuwa maji meupe ya mchele tu.